Fundi wa Sauti Anajibu: Mdundo wa tatu-tatu, besi inayopotea na wimbi la kuchora kwa mkono

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu sauti: plagini gani (programu ndogo za kuongezea ndani ya nyingine), sintesaiza gani ya kuundia sauti, sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) za kutoka wapi. Nitazijibu. Lakini naanza na ile iliyouliza kuhusu wakati, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba nyimbo nyingi za kompyuta huharibikia kwenye mdundo kabla hazijapata nafasi ya kuharibikia kwenye sauti.

Fundi, shikamoo. Mimi ni mpiga ngoma za mikono, na mwendo wangu ni wa tatu-tatu. Nimefungua treka (programu ya kutungia muziki kwa kuandika nota mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini) nikakuta pateni, yaani ukurasa mmoja wa nota, ina mistari 64, na nikiigawa kwa tatu inabaki. Nikiweka mapigo kwa kukadiria, ngoma inachechemea. Je, treka zilitengenezwa kwa muziki wa nne-nne tu?

Marahaba, mwanangu. Hapana. Kinachokubana ni namba mbili ambazo programu ilikuwekea kabla hujagusa kitu: kasi 6 na tempo 125. Ukizielewa hizo, treka itakupigia mwendo wowote unaoujua kwa mikono yako.

Treka huhesabu kwa tiki, vipande vidogo vya wakati. Tempo ikiwa 125, tiki zinakuwa 50 kwa sekunde, yaani kila tiki ina milisekunde 20. Hiyo 50 ina chanzo chake. Karsten Obarski alipoandika Ultimate Soundtracker mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta ya Commodore Amiga, programu ilifuata mwendo wa picha ya runinga za Ulaya, ambayo huchorwa upya mara 50 kila sekunde. Kasi nayo ni idadi ya tiki zilizomo ndani ya mstari mmoja. Kasi 6 ni milisekunde 120 kwa mstari, mistari minne ni milisekunde 480, na ukiligawa dakika moja kwa 480 unapata mapigo 125. Ndiyo maana tempo ikaitwa 125.

Sasa andika F04 kwenye mstari wa kwanza kabisa (F ni amri ya kasi), kasi iwe 4. Mstari unakuwa wa milisekunde 80, na mistari sita inakurudisha palepale kwenye 480. Pigo halikubadilika hata kidogo, ila sasa limegawanyika mara 6 badala ya mara 4, na 6 haibakishi kitu ukiigawa kwa tatu. Weka kiki (ngoma nzito) kwenye mstari 0, 6, 12 na 18. Weka ngoma ndogo kila baada ya mistari miwili. Kisha ongeza ngoma ya tatu kila baada ya mistari mitatu, na hapo utakuwa na tatu dhidi ya mbili, ile mivutano ambayo mkono wako unaijua tangu zamani.

Urefu wa pateni uwe 48, yaani mapigo 8. Faili za XM, aina mojawapo ya faili za treka, hukuruhusu kuchagua urefu wowote mpaka mistari 256, kwa hiyo andika 48 na mambo yameisha. Faili za MOD, aina ya zamani zaidi, ni 64 daima. Humo utaweka D00 kwenye mstari wa 47 (kuhesabu kunaanzia sifuri) na treka itaruka kwenda kwenye pateni inayofuata bila kusubiri mistari iliyobaki.

Angalia mambo mawili yanayobadilika kimyakimya ukishusha kasi. La kwanza ni amri za kuteremsha sauti na za kuvuta nota: hizi hufanya kazi kwenye kila tiki isipokuwa ile ya kwanza ya mstari. Kwa kasi 6, A04 inapunguza sauti kwa hatua 5 za nne kila moja, jumla 20. Kwa kasi 4 inapunguza kwa hatua 3, jumla 12. Mistari yako sasa ni mingi zaidi ndani ya pigo, kwa hiyo mwisho wa pigo utakuwa karibu palepale, lakini mteremko wa mstari mmoja pekee utasikika mfupi. La pili ni arpejio, amri ya 0. Ukiandika 037, treka inapiga nota yako, kisha ya tatu ndogo, kisha ya tano, tiki moja kwa kila moja. Kasi 6 inautosha mzunguko huo mara mbili kamili. Kasi 4 inaukata: unasikia nota ya msingi, ya tatu, ya tano, ya msingi, na mstari mpya unaanza tena na ya msingi. Akodi inakuwa na kigugumizi. Ukitaka akodi kwenye kasi 4, zigawe nota zake kwenye chaneli tatu, zile safu za wima ambazo kila moja hupiga sauti yake.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kila pigo likikaa sawasawa juu ya mstari wake na kwa nguvu ileile, utapata hesabu sahihi isiyochezeka. Wewe unapopiga, kiganja chako hakishuki kwa uzito mmoja. Treka ina ngazi za sauti kutoka 0 mpaka 64, zinazoandikwa C00 mpaka C40 kwa sababu namba zake ni za heksadesimali, yaani za kuhesabu kwa kumi na sita. Pigo kuu lipe C40, lile la kujibu C20, na yale madogo ya katikati C0C au C10. Watu huogopa kushuka hivyo, wanaona kama sauti itapotea. Shuka. Mapigo madogo yanayokaribia kutosikika ndiyo yanayoubeba mwendo wa tatu-tatu, na ukiyazima utaona wimbo mzima unasimama.

Kisha kuna ED1, inayochelewesha nota kwa tiki moja, milisekunde 20. Mimi huiacha ngoma nzito juu ya mstari, sikuigusa kamwe, na huchelewesha njuga kwa ED1 kwenye mapigo dhaifu tu. Ukichelewesha vyote pamoja hujafanya lolote, umeusogeza wimbo tu.

Na siku utakayoandika wimbo wa nne-nne wenye mwyumbo (swing), rudi kwenye mistari minne kwa pigo na ubadilishane F08 na F04 mstari kwa mstari. Nane na nne ni 12, sawa na sita na sita, hivyo tempo haiyumbi, ila mstari wa kwanza unakuwa mrefu mara mbili ya wa pili. Mwyumbo mwepesi zaidi ni F07 na F05. Huu wa pili naupenda zaidi, maana unamfanya msikilizaji atikise kichwa kabla hajagundua kwa nini.

Fundi, mimi ni mwalimu wa kwaya. Kompyuta yangu ni ya zamani na ina kumbukumbu ndogo. Nianze na programu ipi?

Dada, anza na MilkyTracker. Haina malipo, inafanana kwa karibu sana na FastTracker 2, treka iliyotoka Sweden mwaka 1994, na kompyuta yako itaiendesha bila kuhema. Faili za namna hii zinabeba sampuli fupi pamoja na maagizo ya lini zipigwe, ndiyo maana wimbo mzima huweza kuingia kwenye nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu. Kama una Windows, OpenMPT nayo ni nzuri na inapokea plagini.

Ukitaka treka na sintesaiza ndani ya chombo kimoja, chukua SunVox ya Alexander Zolotov. Kwenye kompyuta hupewi bili, na inakubali mashine dhaifu. Humo unaunganisha moduli kwa nyaya za kuchora: jenereta inaingia kwenye filta (kichujio cha sauti), filta inaingia kwenye mwangwi, mwangwi unatoka nje. Kwa mtu anayefundisha sauti nne za kwaya, naona jambo la kumfaa kuliko yote ni kwamba kila chaneli inashuka wima mbele ya macho. Andika soprano, alto, tena na besi kwenye chaneli nne, na utaona mara moja mahali ambapo alto na tena wanavukana.

Nina sintesaiza nyingi sana za programu nilizokusanya, na kila wimbo ninautumia kutafuta sauti zilizotengenezwa tayari. Wimbo hauishi. Ninunue ipi iliyo bora?

Usinunue. Baki na moja. Surge XT, kwa mfano, ilikuwa programu ya kuuzwa mpaka mwandishi wake alipoufungua msimbo wake kwa umma mwaka 2018, na uwezo wake hautauhitaji wote maishani. Fungua sauti yake tupu ya kuanzia, isiyo na pambo lolote, na ushughulikie mambo manne tu: umbo la wimbi, filta inakata wapi, sauti inaingia kwa haraka gani, na inatoka kwa haraka gani. Tunga wimbo mzima kwa hayo manne. Sauti zilizotengenezwa tayari zimepambwa ili zivutie zikiwa peke yake, kwa hiyo nne kati yake zikikutana kila moja inataka nafasi yote.

Fundi, besi yangu inatetemesha kichwa kwenye hedifoni, lakini nikimchezea mtu kwenye simu inatoweka kabisa, utadhani sikuiandika. Nimeipandisha sauti mpaka wimbo wote umeharibika.

Irudishe chini, rafiki yangu. Tatizo haliko kwenye sauti kubwa au ndogo.

Nadhani besi yako ni wimbi la duara, lile laini lisilo na kona. Wimbi hilo lina masafa moja tu. Ukipiga La ya chini, ni hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde) na hakuna kingine, na kispika cha simu ni kidogo mno kuisukuma hewa kwa hezi 55. Ukipandisha sauti unaongeza kitu ambacho simu haikitoi, huku ukila nafasi ya vyombo vingine.

Sikio ndilo litakalokuokoa. Likisikia hezi 165, 275 na 385 kwa pamoja, linaelewa kuwa hizo ni hatua za juu za 55, na litakusikilizisha La ya chini hata kama 55 yenyewe haikutoka. Kwa hiyo ipe besi yako hatua hizo. Njia rahisi ni kuikwaruza kidogo kwa athari ya kupasua sauti, au kuanza na wimbi la msumeno badala ya la duara na kulikata kwa filta.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kutikisa masafa (FM), yaani wimbi moja kulitikisa jingine, ambayo John Chowning aliigundua katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, na ambayo Yamaha waliiingiza kwenye kinanda cha DX7 mwaka 1983. Dexed ni programu isiyo na malipo inayofanya kazi kama kinanda hicho. Chagua algorithimu ya 1 (mpangilio wa lipi linatikisa lipi), zima opereta, yaani jenereta za mawimbi, 3 mpaka 6, ubaki na mbili: ya 2 inamtikisa wa 1. Wa 1 mpe uwiano 1.00, wa 2 mpe 2.00. Kwa hesabu hiyo zinatoka hatua zisizogawanyika kwa mbili tu: 55, 165, 275, 385 na kuendelea. Anza na opereta 2 ikiwa sifuri na uipandishe taratibu ukisikiliza. Utasikia besi ikiota sauti ya mbao, kisha ya shaba.

Halafu ifanye opereta 2 izimike haraka kuliko opereta 1. Mwanzo wa nota utakuwa mkali, ambao simu itauonyesha vizuri, na mkia utakuwa mzito, ambao spika kubwa itaufurahia. Jaribu kwenye simu kabla ya kuhifadhi. Mimi husikiliza kila mchanganyiko kwenye kispika kibovu kuliko vyote nilivyonavyo, na besi isiyosomeka hapo naiandika upya.

Ninachukua kipande cha sauti ya filimbi nakizungusha ili nota iwe ndefu, lakini kila mzunguko unatoa mlio wa "tik". Nimesogeza alama za mzunguko mpaka macho yananiuma.

Mlio huo ni ukuta mdogo. Wimbi linamalizikia mahali pamoja, tuseme juu, na mzunguko unaanzia mahali pengine, tuseme chini, na spika inalazimika kuruka ghafla. Tafuta mahali wimbi linapovuka mstari wa sifuri likielekea juu, uweke mwanzo hapo. Kisha weka mwisho kwenye mvuko mwingine ulio vilevile, ukielekea juu pia. Wengi huangalia sifuri wakasahau mwelekeo. Kwa sauti yenye pumzi kama filimbi, mzunguko wa kwenda na kurudi husaidia, kwani hauruki kabisa.

Lakini umenipa nafasi ya kusema jambo ninalolipenda mno. Acha filimbi kwa muda. Fungua kihariri cha sampuli katika MilkyTracker, tengeneza sampuli mpya yenye urefu wa alama 32 tu, yaani vitone 32 vya wimbi, uifanye izunguke yote, halafu chora kwa panya. Chora kilima, chora ngazi, chora meno. Bonyeza kitufe na umepata ala ya muziki.

Kwa nini 32? Kasi ya msingi ya sampuli katika faili za XM ni alama 8,363 kwa sekunde, nayo ndiyo inayosikika kwenye nota ya C-4. Gawa 8,363 kwa 32 unapata mizunguko 261.3 kwa sekunde. Do ya kati ya piano ni 261.6. Yaani sampuli ya alama 32 inaingia kwenye tyuni yenyewe tu, na tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko inavyoweza kumsumbua mwimbaji. Alama 64 zinakupa oktava ya chini yake, alama 16 ya juu yake.

Wimbi lenye kona kali litalia kwa ukali, lenye mgongo wa mviringo litakuwa jororo, na ukichora mabonde mawili sawa ndani ya urefu huohuo litasikika oktava juu. Ukikaa nalo jioni moja utajua kuhusu umbo la sauti mambo ambayo vitufe vya plagini vinakuficha. Chora mawimbi matatu au manne yanayofanana kidogo, uyaweke kwenye ala tofauti, na uyabadilishane mstari kwa mstari kwenye nota moja ndefu. Sauti itaanza kupumua. Watunzi wa Amiga walikuwa na chaneli nne tu za kuchezea, na mawimbi mafupi ya namna hii yaliwaachia kumbukumbu kwa ajili ya ngoma.

Jambo moja la kuangalia: ukizipandisha sampuli fupi hizi oktava nyingi juu, utasikia milio ya ajabu isiyo kwenye skeli. Sauti ya kompyuta ikienda kwa alama 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yanayozidi 22,050, na yanayozidi hapo hukunjwa na kurudi chini mahali pasipostahili. Kwa nota za juu, chora wimbi la mviringo zaidi.

Nikibonyeza kitufe cha kinanda, sauti ya sintesaiza inachelewa. Kompyuta yangu imekufa?

Haijafa. Punguza bafa, ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuitoa. Bafa ya alama 1,024 kwa 44,100 inaongeza karibu milisekunde 23, ya 256 karibu milisekunde 6. Ikianza kukwaruza, panda hatua moja. Kwenye Windows tumia kiendeshi cha ASIO (cha sauti yenye ucheleweshaji mdogo) ikiwa kadi yako ya sauti inacho. Na kama unasikiliza kwa hedifoni za bluututhi, tumia za waya, kwa sababu ucheleweshaji wake hautauondoa kwa bafa yoyote. Ukiwa unaandika nota kwenye treka bila kupiga moja kwa moja, acha bafa iwe kubwa ufanye kazi kwa raha.

Rafiki yangu anatengeneza mchezo wa kompyuta, ameniomba muziki unaojirudia bila kukoma. Kila ukirudi mwanzo kuna pengo, na mwangwi unakatika. Nifanyeje?

Kwanza muulize kama mchezo wake unaweza kucheza faili ya moduli yenyewe, yaani faili ya treka kama MOD au XM. Michezo mikubwa imewahi kufanya hivyo: muziki wa Unreal ya mwaka 1998, ulioandikwa na Alexander Brandon, Michiel van den Bos na wenzao, ulikuwa moduli za treka, na mchezo uliweza kuruka kutoka sehemu tulivu kwenda sehemu ya vita ndani ya faili moja. Ikiwezekana, weka amri ya B, ya kuruka, kwenye mstari wa mwisho. B00 inarudi mwanzo kabisa. Kama una utangulizi usiotaka urudiwe, na unachukua nafasi mbili za kwanza kwenye orodha ya pateni, andika B02. Pale unaporudi, andika upya kasi na tempo kwa amri za F, kwa sababu treka inakuja na zile ilizomalizia nazo. Na nota yoyote ndefu uliyoiacha wazi mwishoni itaendelea kulia juu ya mwanzo, kwa hiyo ifunge.

Akikwambia anataka faili ya sauti ya kawaida, fanya hivi. Panga wimbo ucheze mara mbili mfululizo, uutoe kama WAV, kisha ukate mzunguko wa pili peke yake kuanzia alama ya kwanza mpaka ya mwisho. Mzunguko huo wa pili tayari unao mwangwi wa mwisho wa wa kwanza ndani ya mwanzo wake, na ndiyo maana utaungana wenyewe kwa wenyewe. Mpe kama WAV au OGG. MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni wakati wa kubana, na pengo unalolilalamikia huenda ndilo hilo.